Kufunga umeme wa volti 12 katika Hiace ya kulala: mwongozo kamili kwa anayefanya kazi hii mwenyewe

Gari ninaloliandikia hapa ni Toyota Hiace ya dizeli, iliyobeba abiria kwa miaka mingi kabla ya viti vyake vya nyuma kung'olewa na nafasi yake kuchukuliwa na kitanda, kabati, friji ndogo na tangi la maji, ili familia iweze kutoka Tanga mjini kwenda Lushoto, Pangani au Saadani na kulala humo humo. Wayaringi yake ya kwanza niliifunga vibaya. Usiku mmoja, tukiwa tumeegesha chini ya minazi upande wa Pangani, mke wangu alisikia harufu ya plastiki inayoungua. Tulipofungua kabati tukakuta kiungo cha waya wa friji kimeyeyuka na kuacha doa jeusi kwenye plaiwudi, huku fyuzi ya ampea 15 ikiwa nzima kabisa.

Fyuzi ile haikuwa na kosa. Friji ilikuwa ikivuta ampea 4 tu, na fyuzi hukatika pale mkondo unapozidi kiwango chake, si pale joto linapozidi. Nilikuwa nimesokota nyaya mbili kwa vidole na kuzifunga tepu, kisha hewa ya chumvi ikaingia, shaba ikashika kutu ya kijani, na ukinzani wa mahali pale, yaani ugumu wa umeme kupita, ukapanda. Kiungo chenye ukinzani wa omu 1 kinachopitisha ampea 4 hutoa joto la wati 16, ambalo ni karibu sawa na pasi ndogo ya kulehemea, na pasi hiyo ilikuwa imekaa ndani ya kabati la mbao usiku kucha. Tangu siku hiyo ninaamini kwamba fedha na muda wa kwanza katika kazi hii vinastahili kwenda kwenye nyaya, fyuzi na viungo, na kinachobaki ndicho kiende kwenye betri na paneli za sola. Volti 12 haimrushi mtu kama umeme wa nyumbani, lakini inaunguza gari.

Hatua ya kwanza: kuhesabu matumizi ya siku nzima

Usinunue kitu chochote kabla ya kuandika hesabu hii. Kila kifaa kina wati zake, ambazo huandikwa kwenye kibandiko chake. Zidisha wati hizo kwa saa utakazokitumia, nawe utapata wati-saa.

Katika gari letu friji ya kompresa ya volti 12 ina wati 45, lakini haifanyi kazi mfululizo, kwa sababu hujizima ikishapoa. Kwa joto la Tanga ninaihesabia nusu ya siku, yaani saa 12, nayo inakula wati-saa 540. Feni mbili za wati 12 kila moja, kwa saa 9 za usiku, ni wati-saa 216, na mtu asishawishike kuziondoa ili hesabu ipungue, kwani usiku wa Februari hapa pwani haulaliki ndani ya bati bila upepo. Taa nne za LED za wati 3 zikiwaka saa 5 ni wati-saa 60, simu nne ni kama 60, kompyuta mpakato ni 60 nyingine, na pampu ya maji ya wati 40 inayofanya kazi robo saa kwa siku ni 10 tu. Jumla ni wati-saa 946. Ongeza asilimia 20 kwa ajili ya umeme unaopotea njiani, utapata wati-saa 1,135, na ukigawa kwa volti 12 ni kama ampea-saa 95 kwa siku.

Hesabu yenyewe inaonyesha kwamba friji peke yake ni zaidi ya nusu ya mzigo. Anayeweza kusafiri na kasha la barafu badala ya friji atajenga mfumo wa nusu ya gharama, nami ninamshauri alifikirie jambo hilo kwa dhati. Birika, pasi na jiko la umeme havimo katika hesabu hii na havipaswi kuwemo. Chai ichemshwe kwa gesi.

Hatua ya pili: kuchagua betri na mahali pa kuiweka

Betri za asidi zinazojulikana madukani kwetu huitwa N70, N100, N150 na N200, na namba hizo hukaribia ujazo wake kwa ampea-saa. Nyingi kati yake zimetengenezwa kwa ajili ya kuwasha injini: bamba zake za risasi ni nyembamba, zinatoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache, na zinakufa mapema zikizoeshwa kushushwa kila usiku. Kwa kazi yetu inatakiwa betri ya sola, yenye bamba nene, na hata hiyo haipendi kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo matumizi ya ampea-saa 95 yanadai betri ya asidi ya ampea-saa 190, yaani N200, ambayo mtu mmoja hainyanyui bila kuumia mgongo.

Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, inayoandikwa LiFePO4, inaweza kutumika hadi asilimia 80 bila madhara, hivyo ampea-saa 120 zinatosha kwa hesabu ile ile, na betri ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo kumi hivi tu. Bei yake ni kubwa, ila hudumu kwa mizunguko mingi zaidi ya kuchaji na kutumia. Hakikisha ina kidhibiti chake cha ndani, kile kinachoandikwa BMS, na kwamba kontrola ya paneli na chaja zote zimewekwa kwenye mpangilio wa lithiamu, ambao kwa kawaida huchaji kwa volti 14.2 hadi 14.6. Mimi nina ya lithiamu sasa. Mwenye uwezo wa betri ya asidi tu asione haya, ila asiifunge pamoja na betri nyingine ya umri au ujazo tofauti.

Mahali pa kuiweka panataka fikra, kwa sababu injini ya Hiace imekaa chini ya viti vya mbele. Wengi huweka betri nyuma tu ya kiti cha dereva ili waya wa kutoka mbele uwe mfupi, na kwa kufanya hivyo huiweka jikoni. Maisha ya betri ya asidi hupungua kama nusu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazozidi 25, na betri nyingi za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45. Yangu iko nyuma ya tairi la kushoto, chini ya kitanda, ubavuni ambapo jua la alasiri halifiki ninapoegesha nyumbani. Ifungwe kwa mkanda wa chuma na bolti zinazopita sakafuni, si kwa kamba, kwa maana gari likipinduka au likifunga breki ghafla kilo hizo zote huruka. Kama ni ya asidi, iwekwe ndani ya kasha lenye bomba la kutolea hewa nje, kwa kuwa inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Mtungi wa gesi ya kupikia, kwa betri ya aina yoyote, usikae kabati moja nayo: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia chini, na cheche moja ya swichi inaitosha.

Hatua ya tatu: paneli na kontrola

Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Paneli zilizolala juu ya gari hazipotezi mengi kwa mwaka, na hakuna haja ya mitambo ya kuziinamisha. Kwa kupanga, mimi huhesabu saa 4.5 za jua kamili kwa siku, yaani saa ambazo paneli ingetoa nguvu yake yote, nikijua kwamba katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, kuna siku ambazo nusu ya hapo haifikiwi. Wati-saa 1,135 zikigawanywa kwa 4.5 zinataka paneli za wati 252, lakini paneli juu ya bati huwa moto. Paneli ya silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayozidi 25, hivyo ikifika nyuzi 65 imekwisha kupoteza asilimia 16, bado hatujahesabu vumbi na kinyesi cha kunguru. Ndiyo maana nilifunga paneli mbili za wati 160.

Hiace nyingi zilizofanya kazi ya abiria zina keria juu, na keria hiyo ni baraka. Paneli zifungwe juu yake kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, na nafasi ya sentimita 4 au 5 iachwe chini yake ili upepo upite na kuzipoza. Kwa njia hii paa hutobolewa tundu moja tu la nyaya, ambalo hufunikwa kwa kifuniko chake maalumu na kuzungushiwa silanti ya magari. Ukishatoboa, piga brashi ya rangi ya kuzuia kutu kwenye ukingo wa bati kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu bati lililokatwa hapa pwani halingoji wiki kushika kutu.

Paneli mbili zinaweza kuungwa kwa mfululizo, ambapo volti hujumlishwa, au sambamba, ambapo mkondo ndio hujumlishwa. Mfululizo huruhusu waya mwembamba zaidi, lakini sisi watu wa pwani huegesha chini ya mwembe, mkorosho au mnazi, na kivuli kikiangukia paneli moja mfumo wa sambamba huiacha ile nyingine iendelee bila usumbufu. Nilichagua sambamba, kwa waya wa sola wa milimita 6 za mraba.

Kontrola ni kifaa kinachosimama kati ya paneli na betri. Zile za bei nafuu, za aina ya PWM, huishusha paneli hadi volti za betri: paneli ya wati 160 inayotoa ampea 9 hufanya kazi kwa volti 13 na kukupa wati 117 tu. Za MPPT hubadili volti za ziada kuwa mkondo, na kwa paneli za zaidi ya wati 200 tofauti ya bei hurudi upesi. Kwa paneli zetu kontrola ya ampea 30 inatosha, kwa kuwa wati 320 kwa volti 12.8 ni ampea 25. Siku ya kuunganisha, betri huungwa kwanza na paneli baadaye. Siku ya kufungua, paneli hutangulia kutolewa. Kontrola nyingi zimeharibika kwa mtu kugeuza mpangilio huo.

Hatua ya nne: kuchaji kutoka kwenye injini

Safari ya kutoka Tanga kupitia Muheza, Segera, Korogwe na Mombo hadi Lushoto inachukua zaidi ya saa tatu, na ni hasara kufika mlimani penye mawingu na betri tupu ilhali altaneta, ile inayozalisha umeme kwa nguvu ya injini, ilikuwa ikizunguka njia nzima. Njia ya zamani ilikuwa kuunga betri mbili kwa rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayoziunganisha injini ikiwaka. Kwa betri ya asidi njia hiyo inafanya kazi. Kwa lithiamu siishauri, kwa sababu betri hiyo hupokea mkondo mwingi kiasi cha kuiunguza altaneta. Funga chaja ya DC-DC ya ampea 20 au 30, ambayo huvuta kiasi chake tu na kulinda betri ya kuwashia injini isinyonywe.

Chaja ya ampea 30 huvuta ampea 36 hivi upande wa mbele. Kwa waya wa mita 6 kwenda na mita 6 kurudi, ninatumia milimita 16 za mraba. Waya huu una chanzo cha umeme katika kila ncha, yaani betri ya mbele na betri ya nyuma, kwa hiyo unataka fyuzi ya ampea 50 karibu na kila betri. Hili husahauliwa mara nyingi: fyuzi moja tu ikiwekwa mbele na waya ukachunika katikati ya sakafu, betri ya nyuma itaendelea kuulisha moto.

Hatua ya tano: unene wa waya, na waya wa kweli

Katika volti 230 kupoteza volti moja si kitu. Katika volti 12 ni zaidi ya asilimia 8, na friji itakataa kuwaka. Hesabu ni fupi. Chukua urefu wa waya kwenda na kurudi kwa mita, zidisha kwa 0.0175, gawanya kwa unene wa waya katika milimita za mraba, utapata ukinzani kwa omu. Kisha zidisha kwa ampea, upate volti zinazopotea. Mzigo wa ampea 10 ulio umbali wa mita 5, kwa waya wa milimita 2.5, utapoteza volti 0.7. Kwa waya wa milimita 6 utapoteza volti 0.29. Lengo langu ni kutozidi asilimia 3, ambayo ni volti 0.36, na kwa hiyo hapo ninachukua milimita 6. Taa za LED zinaridhika na milimita 1.5, friji, ijapokuwa inavuta ampea 4 tu, naipa milimita 4, kwa sababu kompresa huvuta zaidi inapoanza.

Waya uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, wa magari au wa boti. Ule wa nyumba wenye uzi mmoja mnene huchoka kwa mtikisiko wa barabara za vumbi na kukatika ndani ya gamba lake bila kuonekana. Kama utapata shaba iliyopakwa bati, ile inayong'aa kama fedha, inunue hata kama ni ghali, kwa maana huvumilia chumvi kuliko shaba tupu.

Kuna hatari nyingine, ambayo imenigharimu mimi mwenyewe. Niliuziwa roli nzima ya waya ulioandikwa milimita 2.5 ambao ulikuwa alumini iliyopakwa shaba juu. Kwarua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Kwa waya wenye mashaka fanya kipimo hiki. Kata mita 10 za milimita 2.5, ziunge na balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 60 na betri, nayo itavuta karibu ampea 5. Kisha pima kwa multimita volti kati ya ncha moja ya waya na ncha yake nyingine wakati balbu inawaka. Shaba halisi ya unene huo itaonyesha karibu volti 0.35. Ukisoma volti 0.5 na zaidi, ama unene ni wa uongo ama si shaba.

Hatua ya sita: fyuzi

Fyuzi inalinda waya, hailindi kifaa. Mtu anayeelewa sentensi hiyo hatawahi kuongeza fyuzi kubwa kwa sababu ndogo inakatika mara kwa mara. Ndani ya gari lenye joto, ambako nyaya zimepita nyuma ya sponji na plaiwudi, mimi hutumia viwango vya tahadhari: waya wa milimita 1.5 haupewi zaidi ya ampea 10, wa 2.5 ampea 15, wa 4 ampea 20, wa 6 ampea 30, na wa 16 ampea 60.

Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye ncha chanya ya betri, kwa kuwa kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Betri ya lithiamu ikipigwa shoti hutoa maelfu ya ampea, na fyuzi ndogo za kawaida zinaweza kuendelea kurusha moto hata baada ya kuyeyuka, kwa hiyo hapo panahitajika fyuzi ya daraja la T, iliyotengenezwa kukata mkondo wa namna hiyo. Baada yake huja swichi kuu ya kukata umeme wote, iliyo mahali ambapo mkono wa mtu mwenye usingizi unaifikia gizani, halafu baa ya shaba ya kugawia umeme, na kutoka hapo boksi la fyuzi ndogo, kila mzigo na fyuzi yake na jina lake.

Upande wa hasi, rudisha waya wa kila kifaa hadi kwenye baa yake ya shaba, kisha baa hiyo ndiyo iungwe na bodi ya gari mahali pamoja, palipokwaruzwa rangi hadi chuma kionekane na kupakwa grisi baada ya kukazwa. Magari mengi yenyewe hutumia bodi kama waya wa kurudishia, lakini bodi ya Hiace iliyozeekea Tanga ina kutu ndani ya viungo vyake, na sitaki friji yangu itegemee kutu hiyo.

Inveta, yaani kifaa cha kugeuza volti 12 kuwa volti 230, nimeiacha makusudi. Inveta ya wati 1,000 huvuta karibu ampea 100, inataka waya wa milimita 35 usiozidi mita moja na fyuzi ya ampea 125, na hapo tayari umeingiza volti 230 ndani ya boksi la chuma. Chaja za kompyuta za volti 12 zipo. Anayelazimika kuwa na inveta, au soketi ya kuchomeka umeme wa TANESCO akiwa nyumbani, amwite fundi mwenye leseni kwa sehemu hiyo.

Hatua ya saba: viungo

Hapa ndipo nilipokosea, na hapa ndipo ningependa msomaji atumie mchana mzima bila haraka. Baada ya mkasa wa Pangani nilikwenda kwa mzee mmoja anayetengeneza umeme wa boti za dagaa karibu na soko la samaki la Deep Sea, kwa kuwa niliona taa zake zinadumu baharini wakati zangu hazidumu nchi kavu. Alishika kiungo changu kilichoungua, akakigeuza, akasema, "Mwanangu, shaba isionekane. Popote inapoonekana, bahari imeshaiona." Nikamwomba, "Baba, nionyeshe unavyofanya," naye akanionyesha.

Waya huchunwa kwa koleo la kuchunia, si kwa meno wala kisu, ili nyuzi zisikatwe. Waya uliopoteza nyuzi tano kati ya thelathini umekuwa waya mwembamba mahali hapo. Kabla ya kubana, vuta kwanza mpira wa kubana kwa joto, ule wenye gundi ndani, uuingize kwenye waya, kwani ukisahau itabidi ukate uanze upya. Ingiza nyuzi zote kwenye teminali ya shaba inayolingana na unene wake, bana kwa koleo lake lenye meno ya ukubwa huo, na kwa nyaya za milimita 16 na kuendelea tumia mashine ya kubania ya haidroliki, ambayo baadhi ya mafundi huiazimisha kwa siku. Nyundo na patasi havibani, vinaponda tu. Kisha vuta kwa nguvu zote za mkono mmoja. Kiungo kikitoka, shukuru kwamba kimetoka mezani. Kikishinda, telezesha mpira wa kubana juu yake na uupashe moto hadi gundi ichuruzike pembeni, ndiyo dalili kwamba chumvi haitapata mlango.

Kulehemu kwa risasi peke yake sikupendekezi kwa gari, kwa sababu risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu mahali pamoja, na mtikisiko huukata papo hapo. Tepu nyeusi nayo haina kazi ya kuziba hapa: joto la pwani huyeyusha gundi yake, na baada ya miezi michache huachia.

Kila bolti ya betri na ya baa ikazwe kwa spana, iwekewe washa ya springi, kisha ipakwe vaselini au grisi. Teminali ya waya igusane moja kwa moja na shaba. Washa hukaa juu yake, haikai katikati. Nimeona washa ya chuma ikiwekwa kati ya teminali na betri, na chuma hicho hupitisha umeme vibaya kiasi cha kuiva.

Hatua ya nane: kupitisha nyaya

Nyaya hupita kabla ya sponji, plaiwudi na kitambaa cha dari. Ondoa kwanza teminali ya hasi ya betri ya gari, vua pete na saa ya chuma. Kabla ya kutoboa sakafu, lala chini ya gari uone tangi la dizeli na mabomba ya breki yamepita wapi. Kila waya unaopenya bati upite ndani ya mpira wa tundu, na unapolala sakafuni au ubavuni uwe ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo, lililofungwa kila sentimita 30. Acha urefu wa ziada wa kiganja kimoja katika kila mwisho. Andika jina la kila waya kwenye ncha zake zote mbili siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho yake nyaya nyekundu kumi hufanana.

Hatua ya tisa: kuwasha kwa mara ya kwanza

Swichi zote zikiwa zimezimwa na fyuzi ndogo zote zikiwa nje, pima kwa multimita kama kuna mawasiliano kati ya baa ya chanya na bodi. Kusiwe na mlio. Kisha, badala ya fyuzi kuu, unga balbu ya indiketa ya wati 21 kati ya ncha zake mbili, na uwashe swichi kuu. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti mahali, na balbu hiyo imezuia mkondo usizidi ampea 2. Kama ingekuwa fyuzi ingekwisha lipuka. Ikibaki giza au ikimweka mara moja na kufifia, endelea. Rudisha fyuzi kuu, halafu ingiza fyuzi ndogo moja baada ya nyingine, ukiwasha kifaa chake na kukizima kabla ya kwenda kwenye kinachofuata.

Kila kitu kikishafanya kazi, washa vyote kwa pamoja kwa nusu saa. Pima volti kwenye betri, kisha kwenye ncha za friji. Tofauti ikizidi volti 0.4, kuna kiungo au waya usiotosha. Baada ya hapo gusa kila kiungo, kila kishikio cha fyuzi na kila bolti kwa nyuma ya kidole. Vuguvugu kidogo ni kawaida kwenye fyuzi kubwa, lakini kiungo kinachokufanya uondoe kidole kikatwe na kufanywa upya kabla ya gari kutoka uani. Safari ya kwanza iwe fupi, Tanga hadi Amboni na kurudi, kisha ukaze tena bolti zote, maana mtikisiko wa kwanza ndio unaozilegeza zaidi.

Baada ya hapo mimi hufungua kabati la umeme kila mwezi, na kila mara tunaporudi kutoka ufukweni. Natafuta ukijani kwenye shaba, nafuta paneli kwa maji baridi asubuhi kabla hazijapata moto, na kwa betri ya asidi nasoma volti asubuhi kabla jua halijapanda: 12.7 ni betri iliyojaa na kutulia, 12.2 ni karibu nusu, na chini ya hapo tunazima friji hadi adhuhuri. Mchoro wa nyaya zote, wenye rangi, unene na fyuzi ya kila moja, nimeubandika ndani ya mlango wa kabati hilo, pamoja na fyuzi mbili za akiba za kila ukubwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa.